Deki ya Walioshindwa

Mshona mapazia aliingia dukani na kanda ndogo ya video mkobani, akakuta deki zimepangwa ukuta mzima, zote za kanda kubwa.

"Hii yangu haiingii humo," alisema, akiigeuzageuza mkononi. "Mdogo wangu kanitumia kutoka ng'ambo, na deki yenyewe ndiyo kwanza nataka kununua."

Muuzaji aliipokea, akatabasamu. "Mama, hii ni ya walioshindwa. Makampuni yalivutana miaka, kila moja na kanda yake. Kubwa ikashinda. Hii hata wanaokodisha filamu wameitupa mkono."

Mwingine angechukua deki kubwa akaenda zake. Yeye hakuwa mtu wa kutoka mahali na swali kichwani. "Ilishindwa kwa sababu picha yake mbaya?"

"Wapi! Picha safi. Ila kanda zake za mwanzo zilikuwa fupi; filamu inanoga, mkanda umeisha."

"Hebu nione."

Muuzaji alijikuna kisogo, akaingia stoo, akarudi amekumbatia deki kuukuu. Aliipuliza vumbi mpaka wote wawili wakapiga chafya. Kanda ikamezwa, mistari ikacheza kwenye televisheni, kisha mdogo mtu akatokea, ameketi jikoni kwake.

Nywele zimeingia mvi! Mshona mapazia alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Vidole vya mdogo wake vilikuwa vikichezea kifungo cha sweta, vilevile kama enzi za usichana.

"Dada, nakujua kwa udadisi," alisema mdogo mtu. "Leo utaona nyumba nzima. Shemeji yako ndiye kashika kamera." Akafungua kabati, friji, akainua shuka waone hadi uvunguni. Muuzaji akasahau wateja wake.

Mwishoni mdogo mtu aliinama karibu. "Kamera hii tumeazima kwa jirani. Sisi wenyewe tumeshanunua deki ya kanda kubwa. Ukinijibu, tuma kubwa."

Mshona mapazia aliangua kicheko. "Kumbe na yeye kahama!"

Basi akachagua deki kubwa, ila hakubanduka dukani mpaka muuzaji alipoziunganisha mashine mbili kwa waya na kuinakili kanda ya mdogo wake. Nakala ilipokamilika, akamgeukia muuzaji.

"Sasa niambie, kaka. Nikitaka kumjibu, hiyo kamera nayo inashikwaje?"

Muuzaji akamvutia kiti.