Mbao Zishuke Kabla ya Saa Kumi

Haya, nikutegee. Nina mwavuli, mwenye duka huuza jua likiwaka tu. Wingu likichungulia, anafunga mlango. Ni nini? Usinitazame hivyo. Umeshindwa, nipe mji. Nimekwenda huo mji, nimekula wali na maharage mekundu, nimerudi, na jibu ni bima ya nyumba.

Jibu hilo nalijua tangu zamani, maana nimezaliwa hapa pwani ya Louisiana. Lakini barua ya kampuni yangu, ya kuniambia wanahama jimbo na bima yangu inakwisha mwezi wa nane, niliidhani tangazo nikafungia maganda ya kaa. Nilikuja kujua Jumatatu, dhoruba iko kusini ya Kuba, nilipompigia Dinelle, wakala wa bima, kumuuliza kitu kingine kabisa.

"Bibi Elvie," akasema, "huna bima tangu wiki iliyopita."

Nikakaa kitini. Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, Alcide, kwa mikono yake. Paa likienda bila bima, mimi sina pa kuanzia. Ningeishia kwenye sofa la binti yangu kule Dallas, nikihesabiwa vidonge.

"Niuzie nyingine, mwanangu."

"Nitajaribu. Dhoruba bado haina jina. Taarifa ya saa kumi ikitoka na jina, hakuna kampuni itakayokubali. Ya mafuriko unayo?"

"Ninayo."

"Vizuri. Basi nitumie picha za nyumba, pande zote nne, madirisha yaonekane."

Saa hiyo ilikuwa saa nane na robo. Nikatoka nje. Jirani yangu Ozeme alikuwa ndiyo kwanza anakaza skurubu ya mwisho. Kila dirisha langu lilikuwa limezibwa mbao. Anazo mbao zetu tangu vimbunga vya zamani, kila moja ina namba yake, na siku ya kuziba madirisha huwa anatembea kama bwana harusi.

"Ozeme," nikamwambia, "zishushe."

"Nishushe nini?"

"Mbao. Zote. Kampuni inataka kuona vioo."

Akaiweka mashine yake chini polepole. "Bibi we, dhoruba inakuja, watu wote wanaziba, sisi tunazibua? Watasema joto limetupanda kichwani."

"Wewe lilikupanda zamani. Shika ngazi."

Tukazibua. Majirani walipita na magari yao yamejaa mizigo, wakapunguza mwendo kututazama. Mmoja akateremsha kioo, "Ozeme, umekosea, zinawekwa, hazitolewi."

"Tunapitisha hewa," Ozeme akamjibu, wala hakugeuka.

Dirisha la jikoni lilitutesa. Skurubu moja ilikuwa na kutu, ikazunguka bila kutoka. Ozeme akavua shati, akaingiza mtaimbo, akatukana kwa Kifaransa cha mama yake. Nikapiga picha mbele, nikapiga kushoto, nikapiga nyuma. Ubao wa jikoni ulipoanguka nikapiga na huo upande, nikazituma zote kwa pamoja. Simu ikaanza kuzungusha kale kaduara kake. Mtandao ulikuwa mzito. Mji mzima ulikuwa unapiga simu.

Nikamwandikia Dinelle: Nina bima au sina?

Nikaitia simu mfukoni, nikashika ngazi.

Saa kumi ikafika. Redio ya Ozeme, pale juu ya ndoo, ikatangaza kwamba dhoruba imepata jina. Wilfreda.

"Jina la shangazi yangu," Ozeme akasema. "Yule naye alikuwa haingii nyumba bila kuvunja kitu."

Sikucheka. Tukaanza kuzirudisha mbao, namba moja, namba mbili, mimi nikishikilia, yeye akikaza. Tulikuwa namba tano simu ilipolia.

"Bibi Elvie," Dinelle akasema, "huyu mzee kifua wazi mbele ya dirisha la jikoni ni nani?"

"Ni Ozeme. Dinelle, nimekuuliza swali."

"Kampuni nayo imeuliza kama ni sehemu ya nyumba."

"Dinelle."

"Picha ziliingia saa kumi kasoro dakika nne, na mkataba nimeupitisha kasoro moja. Una bima, Bibi."