Tairi Mbili kwa Kila Mwana

Mume wangu Ilyas alileta tairi nne kutoka mjini Erzurum wiki ile tulipoanza kuchinja bata bukini. Alizipanga mlangoni moja juu ya nyingine, akakung'uta viatu, akaingia kumbusu baba yake mkono. Hazikuwa mpya, lakini meno yake yalikuwa bado marefu, na nilipozibonyeza kwa kidole gumba niliona mpira ni laini, kama unavyotakiwa kuwa mpira wa majira ya baridi. Nilifurahi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiteremsha maziwa ya kijiji kila asubuhi mpaka kiwanda cha jibini, na nusu ya njia ile ni mteremko mtupu.

Baba mkwe wangu, Settar, alizitazama kupitia dirishani. Akaweka kipande cha sukari kati ya meno, akakinywea chai.

"Nini zile?"

"Tairi za theluji, baba."

"Na ulizonazo ni za nini? Za harusi?"

Kadem, kaka yake Ilyas, akacheka mpaka akakohoa.

"Zile za kiangazi baridi ikizidi zinakuwa ngumu kama kuni," Ilyas akasema. "Hazishiki."

"Nimeshuka mteremko huu miaka arobaini na tairi zilizochakaa kuliko kisigino cha mama yako. Unanionaje, nimekufa?"

"Miaka mingi kati ya hiyo ulikuwa unashuka na farasi, baba."

Settar alitua bilauri yake polepole.

"Farasi alikuwa na akili," akasema. "Wewe ndiwe wa kununuliwa akili, si tairi."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko na sinia mkononi. Kwetu mke wa mwana hafungui mdomo mbele ya baba mkwe mpaka mwenyewe amruhusu. Wengine huruhusiwa baada ya mwezi, wengine wakishazaa. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu. Nikiwa na neno, nilimnong'oneza mama mkwe sikioni, naye Pakize akatoa sauti kwa lile alilolipenda katika niliyosema. Mtu asiyesema huona mengi. Niliona Settar akiendelea kutazama dirishani hata baada ya chai kwisha, nikajua tairi zile hazitabaki zilipo.

Asubuhi yake aliwaita wanawe wote wawili uani.

Kijiji kizima kitakuambia Settar ni mtu wa haki. Akichinja, ini hulikata katikati kama anakata kitambaa. Magari ya wanawe aliyanunua siku moja, ya aina moja, rangi moja, ili asije mtu akasema anapendelea. Sasa alisimama katikati ya magari hayo mawili, mikono nyuma.

"Lete jeki," akamwambia Kadem. "Mbili zako, mbili za mdogo wako."

"Baba," Ilyas akasema, "zinafungwa zote nne kwenye gari moja."

"Nina wana wangapi?"

"Wawili."

"Basi kama zina faida, mpate wote. Kama hazina, mkose wote. Asije mtu akasema Settar ana mwana wa kambo." Akaonyesha kwa kidevu. "Mbele. Mbele ndiko kunakovuta."

Wakazifunga mbele. Nilikuwa nafagia theluji mlangoni pa zizi, na ufagio ukasimama mkononi mwangu wenyewe. Baba yangu mzazi alikuwa mpiga viraka vya tairi kando ya barabara ya Horasan. Nilipomaliza darasa la tano hakukuwa na mtu wa kumsaidia, kwa hiyo nikakaa naye miaka saba, namshikia taa, nafungua nati, nazungusha rimu kwenye beseni la maji kutafuta tundu. Kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka walikuja watu wa namna hii, wanataka mbili tu, na wanazitaka mbele. Aliwafukuza. "Nendeni na nne mbovu," alikuwa akiwaambia. "Gari bovu lote utaliendesha kwa woga. Hili la nusu litakudanganya." Maana mbele ikishika na nyuma isiposhika, ukigusa breki kwenye mteremko nyuma inataka kupita mbele.

Nilimwambia Ilyas chumbani kwetu.

"Najua," akasema.

"Basi mwambie."

"Nimwambie kagawa vibaya? Mbele ya Kadem?"

"Zihamishie nyuma wewe mwenyewe. Bora nyuma kuliko mbele."

"Ataona. Ataniuliza nimefundishwa na nani. Nimjibu nini, mke wangu?" Akanigeuzia mgongo, kisha akanigeukia tena. "Barafu yenyewe bado, Telli. Theluji kavu hii haina neno. Ngoja atulie."

Nikangoja. Nilipoona hatulii nilimwendea Pakize akiwa anakanda unga, nikamnong'oneza yote, tairi, breki, mkia wa gari. Alisikiliza huku akitikisa kichwa. Akajifuta mikono, akaenda mlangoni alikokaa mumewe.

"Mkweo anasema sukari inakaribia kwisha," akamwambia.

Wiki ya tatu joto lilipanda siku moja, paa zikatona, na usiku wake baridi ikarudi yote kwa pamoja. Asubuhi uwanja ulikuwa kioo. Bata bukini waliotundikwa chini ya paa walikuwa wakigongana kama vibao. Ilyas alikuwa amekwisha pakia madebe ya maziwa. Kadem alisema kichwa kinamuuma, leo hatoki. Alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono, wala hakufanana na mgonjwa. Jirani yetu Behlül alikuwa amesimama hapo, ameleta debe lake.

Ilyas akafungua mlango wa gari. Akautazama mteremko. Halafu akamtazama baba yake, na neno halikutoka.

Likatoka langu.

"Baba," nikasema, "zihamishwe nyuma. Hivi zilivyo zitamuua."

Sauti yangu ilikuwa na kutu. Behlül aliinamisha macho, kwa kuwa ni mtu mwenye haya. Settar hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alitabasamu.

"Kumbe ina ulimi," akasema. "Miaka mitatu nalisha bubu, kumbe ni fundi. Ilyas! Mkeo anasema mimi nakuua."

"Hajui asemalo, baba," Ilyas akasema, akitazama chini.

"Anajua, mwache. Binti wa mpiga viraka huyu. Haya, fundi, tueleze. Nyuma kuna nini?"

"Nyuma hakushiki."

"Kwa nini? Ni kwepesi?"

Nilikuwa nimeshaona anakonipeleka.

"Kama ni kwepesi tuongeze uzito." Akafungua milango ya nyuma ya gari kwa mkono wake mwenyewe. "Panda. Kaa juu ya gurudumu. Si unampenda mumeo? Mshikilie asiteleze."

Kadem akacheka. Nilimtazama Ilyas. Angesema hapana hata kwa jicho, nisingepanda. Yeye alikuwa akijifunga mkanda.

Nikapanda. Nikakaa kati ya madebe, magoti kifuani, na Settar akabamiza milango. Komeo lile lilikuwa bovu tangu kiangazi.

Gari lilishuka taratibu. Mahali pa kwanza palipoinama lilikwenda vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu nilisikia Ilyas akivuta pumzi kama mtu aliyepona.

"Unaona?" akasema bila kugeuka. "Linashika."

"Linashika mbele. Usiguse breki."

"Umeniaibisha, Telli. Mbele ya Behlül."

"Nitakuomba radhi tukifika chini. Usiguse breki, nakuomba. Tia gia ya kwanza, liache lijivute."

"Nyamaza basi kidogo, niendeshe."

Kwenye kona ya chemchemi maji hukatiza barabara mwaka mzima, na majira ya baridi huganda hapo kwa unene wa kiganja. Alipaona. Mtu yeyote angefanya alichofanya. Mguu wake uligusa tu, na mbele ikatii kama tairi nzuri zinavyotii, na kule nilikokaa mimi kukaondoka. Sikusikia kelele yoyote. Niliona dirisha dogo la nyuma likijaa mlima, halafu likajaa bonde. Madebe yakaniangukia, komeo likafunguka, nami nikatoka pamoja nayo, nikaburuzika juu ya barafu mpaka kwenye ukingo wa theluji. Gari halikusimama. Lilipita ukingo likitanguliza nyuma, na uso wa Ilyas ukiwa umenielekea.

Maziwa yalimwagika yote. Hayakuonekana juu ya theluji, ila mvuke wake tu.

Walimpandisha kwa kigari cha kuburuzwa na farasi. Kwa farasi, naam. Hakuna gari lililothubutu kushuka siku ile.

Wanawake walikuja kulia, na Pakize aliwapokea mlangoni mmoja mmoja kwa maneno yaleyale. "Alifungua mdomo bila ruhusa," akawaambia. "Alitamka kifo mlangoni pangu, kikamsikia." Walinitazama nikiwa nimekaa, mkono umefungwa ubao, kisha wakasogea upande wa pili wa chumba. Settar alikaa na wanaume. Watu walimsifu. Walisema, baba gani aliyegawa sawa kama huyu, ila ajali haina mgawo. Nilisikia kupitia ukutani, na sauti ya Behlül sikuisikia kati yao.

Nilitaka kurudi Horasan. Lakini baba yangu amekwisha kufa, na kaka yangu alituma salamu kwamba nyumba yake ni ndogo.

Maziwa yakawa yanaharibika. Kadem alikataa kushuka; sasa kichwa kilimuuma kila siku. Mwezi wa pili trekta lilivuta mabaki ya gari la Ilyas, likayatupa nyuma ya zizi. Siku ya pili yake Settar alinikuta nikikusanya samadi iliyokaushwa kwa ajili ya jiko.

"Wewe, fundi," akasema. "Mkono umepona?"

Nikainamisha kichwa.

"Njoo na spana."

Magurudumu ya mbele hayakuwa yamepinda. Nati ziliganda, ikabidi nisimame juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili. Ndani ya gari kulikuwa na theluji iliyojaa mpaka kwenye usukani, na nikafanya kazi bila kuitazama. Nikayabingirisha magurudumu yale mpaka kwenye gari la Kadem. Sikuambiwa pa kuyafunga. Niliinua nyuma kwa jeki, nikatoa yaliyochakaa, nikayapachika.

Kadem alikuwa ameketi ndani tayari, midomo imemkauka.

"Kaza vizuri," Settar akasema juu ya kichwa changu. "Huyu ndiye mwana aliyenibakia."

Nilikuwa nimepiga goti. Nati iliyokazwa kwa vidole na nati iliyokazwa kwa spana hazitofautiani kwa macho. Katika uwanja ule aliyejua hilo nilikuwa mimi peke yangu. Ya vidole haifiki kilomita mbili kabla haijafunguka. Nilishika ya kwanza kwa vidole, nikaizungusha ikafika mwisho wake, nikatulia. Settar hakuwa akinitazama tena. Alikuwa akiutazama mteremko, na taya lake lilikuwa likitetemeka, nami nikamtazama mpaka nikashiba.

Nikachukua spana, nikakaza. Zote, moja kisha iliyo mkabala nayo, kama nilivyofundishwa.

Kadem akaondoka. Kona ya chemchemi inaonekana kutoka uani kwetu. Tuliona taa za breki zikiwaka nyekundu juu ya barafu, gari likapunguza mwendo, likasimama hapohapo limenyooka, halafu likaendelea kushuka.

"Kumbe zina faida," Settar akasema.

Hakuwa akisema na mimi. Akavuta kola ya koti lake, ndipo akaniambia nikusanye spana zake kabla theluji haijazifunika.