Pigo Nililolinyamazia

Ncha ya kitara cha Consolata ilinipata chini ya kwapa la kulia, ikatulia hapo kiasi cha mtu kumeza mate, na chuma chenyewe kikapinda kama upinde. Pigo safi. Nimepigwa mengi maishani, na vitu vya kila namna, lakini hilo lilikuwa zuri kuliko yote. Akarudi hatua moja, akashusha mkono, akangoja niseme neno.

Matokeo yalikuwa nne kwa nne. Feni ilikuwa inakwaruza juu yetu, na watu kumi na wawili wamekaa ukutani wananitazama mimi.

Sikusema.

Mchezo wa vitara, wa kuchomana kwa panga nyembamba butu, Tanga hawaujui wengi, kwa hiyo nieleze nilivyouingia. Nilikuwa Horohoro, nabeba mizigo mpakani, baada ya kuzunguka dunia na kurudi mikono mitupu. Siku moja Taizoon, mwenye duka la vipuri vya baiskeli kule Ngamiani, akashikwa na watu wa forodha akitokea Mombasa. Begi lake limejaa vyuma virefu na vinyago vya waya.

"Bwana, mnakwenda kumpindua nani?" ofisa akamuuliza.

"Arre, huu mchezo! Nimecheza miaka minne chuoni India. Ncha zake butu, angalia!"

Hakuna aliyemwamini. Mimi nikachukua kimoja, nikasimama mguu mbele mguu nyuma, nikaonyesha. Ofisa akacheka, wakamwachia. Taizoon akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia Marsei, Ufaransa. Hilo kweli. Nilichoacha kumwambia ni kwamba Marsei nilikuwa napiga deki ukumbi wa vitara msimu mmoja wa baridi, na yule mwalimu wao alikuwa ananishikisha kitara pale mwanafunzi anapokosa mwenzake. Nilijua nusu. Nusu nyingine niliijaza kwa mdomo.

Basi Taizoon akafungua klabu, mimi nikawa kocha. Darini juu ya duka, barabara ya kumi na mbili, nikaambiwa "Mwalimu". Mimi niliyeishia darasa la nne, nikaokoteza miezi mitatu misheni na mwaka mmoja chuoni kwa maalim, sijawahi kuwa na cheti cha kitu chochote. Neno hilo lilinikaa mwilini kama shuka safi.

Mashine ya taa, ile inayoonyesha nani kagusa, hatukuwa nayo. Kwa hiyo nikaweka sharti mimi mwenyewe: anayeguswa ndiye anayesema. Anasema "Lako," yaani pigo hili ni lako, hata kama hakuna mwingine aliyeliona. Nililifundisha hilo kabla ya kumfundisha mtu hata kusimama. Asiyesema "Lako", nilikuwa nawaambia, aende akacheze karata.

Consolata alikuja mwaka wa pili. Fundi cherehani, binti wa mkata mkonge wa Kigombe, ana miaka ishirini na nne na ulimi mkali. Makoti yetu ya kuchezea aliyashona yeye kwa turubai. Mwanzoni alinicheka.

"Mzee Uweso, mbona unatembea kama kaa?"

"Ndivyo mchezo unavyotaka."

"Basi kaa wa Kigombe wote ni mabingwa."

Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na wa kumsogelea. Jumamosi, mimi nikiwa nimelala mguu unauma, yeye ndiye alikuwa anafundisha mabinti hatua. Wakimwita mwalimu anakataa. "Mwalimu yuko nyumbani anasinzia," anasema, na wao wanacheka.

Mwaka juzi Taizoon akamleta Mwalimu Ruthi kutoka Arusha atufundishe vitara wiki moja. Mama wa Kishambaa, mfupi, wa miaka arobaini hivi, sauti ya chini. Alisema kocha na wachezaji watajifunza pamoja, mstari mmoja, zoezi moja. Mimi niliona nimetukanwa. Nilikuwa nimezoea kusimama pembeni na kijiti changu, nagonga magoti ya watu.

Siku ya kwanza akaniangalia nikimfundisha Consolata.

"Mzee, mwanafunzi wako amekugusa mara ngapi?"

"Hata mara moja," nikajibu, kifua mbele.

"Basi hujamfundisha." Hakusema kwa ukali. "Kocha kazi yake ni kuguswa. Unamfungulia mlango, akiingia vizuri unalipokea pigo na unamwambia ni zuri. Wewe unashindana naye."

Consolata aliinamisha uso ili nisimwone anavyotabasamu. Nilimwona.

Siku ya nne tukabadilishana. Wachezaji wafundishe, kocha afundishwe. Consolata akanichukua. Alinifungulia nafasi, nikachoma, akasema, "Zuri, Mzee. Mkono kwanza, mguu baadaye." Nikachoma tena. Kwa nusu saa yule binti alinifundisha kitu nilichokuwa nakikosea tangu Marsei, na alifanya hivyo taratibu, bila kuniaibisha mbele ya mtu. Badala ya kushukuru nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimenuna.

Nafasi ilikuwa moja. Mtu mmoja angekwenda Arusha miezi mitatu, arudi na cheti, awe kocha wa klabu. Kila mtu alijua nani anaitaka. Consolata alishawaambia mabinti kwamba siku atakayopata karatasi ile ataziacha sare za shule azishone wengine. Siku ya mwisho Ruthi akasema katika kufundisha haoni wa kumzidi mwenzake kati yangu na Consolata. Nadhani aliuonea huruma uzee wangu. Akasema tucheze, wa kwanza kufikisha mapigo matano ndiye aende, kwa sharti letu lile lile la klabu. Alikuwa amelipenda sana.

Ndipo tulipofika pale nilipoanzia. Consolata amesimama, mkono chini. Mimi nimenyamaza.

"Mzee Uweso," Ruthi akaita, "umeguswa?"

"Sikuhisi," nikasema.

Ona nilivyolichagua. Sikusema hakunigusa. Nilisema sikuhisi, neno la mzee, neno ambalo mtu hawezi kulibishia bila kukosa adabu. Consolata alilishona koti lile mwenyewe. Alijua chini ya kwapa turubai lilimwishia akaweka kitambaa chepesi cha shati. Hata inzi angetua pale ningemhisi. Alinitazama kupitia waya wa kinyago, sikuona macho yake, na nashukuru sikuyaona.

"Neno la mzee linatosha," Ruthi akasema. "Endeleeni."

Tukaendelea. Nikachoma ovyo, kitara kikapita karibu na bega lake. Mpaka leo sijui kama kiligusa. Mkononi sikusikia kitu.

"Lako, Mzee," akasema Consolata, sauti ya kusikika ukumbi mzima.

Akavua kinyago, akanipa mkono, akaning'iniza kitara chake ukutani. Taizoon akapiga makofi. Jumatatu Consolata hakuja, wala Jumatatu ya pili. Mabinti wa Jumamosi nao wakapungua, mmoja mmoja.

Arusha nilikwenda. Cheti ninacho, kimekunjwa ndani ya Msahafu, mahali ambapo hakistahili kuwa.

Mwezi uliopita nilipanda baiskeli mpaka Kigombe, kambi ya mkonge, kwao. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilimkuta barazani na cherehani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia jambo."

"Mimi pia nilitaka kukutafuta," akasema, akanikatiza. "Kuna shule Muheza wanataka mtu wa kufundisha vitara. Wanataka barua ya kocha mwenye cheti. Wewe ndiye wa karibu."

Akaniletea karatasi na kalamu. Mwandiko wangu ni mbaya, nilichukua muda mrefu. Niliandika kwamba anajua mchezo, anajua kufundisha, na mabinti wanampenda. Kisha chini nikaandika: *Na ile nafasi ya Arusha ilikuwa yake, yeye ndiye aliyenishinda, mimi nilificha.*

Akasoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akanirudishia karatasi.

"Huu mstari wa mwisho uondoe, Mzee. Wakiusoma wataitilia shaka barua yote."

"Lakini ndiyo kweli."

"Najua kweli yake. Mimi nataka kazi."

Akanipa karatasi nyingine. Nikaandika upya, yeye anashona, bila ule mstari. Chini nikaweka jina langu na tarehe. Akachungulia.

"Hujaandika cheo," akasema.

Nikaandika: *Kocha*.