Majani Magumu ya Masese

Masese alitangaza mbele ya kituo kizima kwamba yeye hana siri. Ukitaka kujua lililo moyoni mwake uliza tu, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Ilikuwa Ijumaa mchana, hapa Sironga, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na watu wa Sabato walikuwa na haraka ya kupimiwa warudi nyumbani kabla jua halijazama. Hata hivyo walicheka. Lorna tu, karani wa mizani, ndiye ambaye hakucheka.

Siri, alisema Masese, ni ugonjwa wa watu wengine. Alipokuwa kidato cha tatu, darasa lao liliigiza mchezo wa zamani kuhusu mwanamke tajiri aliyemgombeza mlinzi wake kila jioni kwa sababu lango linapiga kelele. Watazamaji peke yao ndio waliojua kwamba mama huyo huzilegeza bawaba kwa mkono wake, apate sababu ya kumwita mlinzi. Masese aliigiza lango. Akawalilia kidogo kama lango pale pale, wasikie.

Basi akaanza kuwapekua. Mzee Onsongo, aliyefiwa na mke mwaka juzi, hupitia kwa Mama Linda akidai njia fupi ina matope. Matope gani wakati wa kiangazi? Na Mama Linda naye, mjane anayeishi peke yake, anapika matoke ya watu wawili. Mzee Onsongo akakohoa. Mama Linda akatabasamu tu, akaendelea kuchambua majani yake.

Lakini Masese alikuwa na lake, na muda ulikuwa unamwishia. Jumatatu Lorna anahamia kituo cha upande wa Keroka. Miezi miwili sasa kikapu cha Masese kilikuwa kikikataliwa: Lorna anatia mkono, anatoa jani gumu kama ngozi, anamwamuru amwage yote mezani achambue upya. Meza yenyewe iko ubavuni mwa kiti cha karani. Nusu saa hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja Masese tangu asubuhi.

Leo pia alikataliwa. Akamwaga, akainama. Sentensi yake alikuwa ameiandaa tangu Jumanne, fupi, haina mzaha hata kidogo. Akafungua kinywa, akajisikia anauliza kama Keroka kuna baridi.

Lorna akasema ni baridi ile ile ya hapa. Masese akasema angalau kule soko ni kubwa. Lorna akakubali kwamba soko ni kubwa. Kisha akaacha kalamu.

"Karani mpya atakufukuza, Masese. Miezi miwili nakufundisha kuchuma majani mawili machanga na kichipukizi tu. Una neno lingine kabla sijaondoka?"

"Hapana, karani. Nataka tu kujua kuchuma."

Upande wa pili wa meza Mama Linda akaacha kuchambua. Hakupaza sauti, lakini sauti yake haijawahi kuhitaji kupazwa.

"Lorna mwanangu, usijichoshe. Shamba langu na la kwao yamepakana, namwona kila siku. Huyu anachuma kumshinda mama yake. Kikapu kinatoka shambani kisafi. Akifika kwenye ndizi zangu anakitua, anarudi kwa ile michai mizee ya ukingoni, anavunja majani magumu konzi mbili, anayatandaza juu, ndipo anakuja kwako. Leo ametia tatu."

Mzee Onsongo akageuza kiti chake aone vizuri. Masese akatafuta neno la kuchekesha, akalikosa, akatafuta jingine, nalo akalikosa. Mkononi alikuwa ameshika jani moja kubwa, jeusi kwa ukomavu, wala hakukuwa na pa kulificha.

"Konzi tatu?" akauliza Lorna, na aliyekuwa akiulizwa hakuwa Mama Linda.

Masese akaitikia kwa kichwa.