Kaka Mkubwa Aliiba

Jumapili saa tisa alasiri, vyombo vikiwa vimekwisha kuoshwa, binti mmoja, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, aliwasomea watu wa nyumbani kwao riwaya ya ukoo wa wezi wenye mbawa. Kama kawaida, wasikilizaji waliinuka vitini shibiri moja, wakaelea. Mama yake alikuwa ameondoa vikombe mapema, visije vikapigwa teke. Riwaya hiyo waliipenda kupita kiasi: majoka yalitema moto, lakini waliokuwa migongoni mwa majoka waligombana kuhusu nani aliacha mlango wazi.

Sura ya tisa ilianza hivi: "Kaka mkubwa aliiba nyumba ya marehemu baba yao kwa kugandamiza dole gumba la dada yake kwenye hati, dada akiwa usingizini."

Baba wa msahihishaji alipaa moja kwa moja hadi darini.

"Feni, baba watoto," mama alisema. "Sogea kushoto."

Shangazi, fundi cherehani aliyeishi chumba cha uani tangu yeye na kaka yake wafiwe na baba yao, alilitazama dole gumba lake. "Kumbe ndiyo maana niliamka na wino."

"Hilo ni kosa la chapa," baba alisema kutoka juu. "Isomeke aliibiwa."

"Baba, i na w hazimo."

"Zitie. Herufi mbili tu, mwanangu."

Binti alisoma: "Kaka mkubwa aliibiwa nyumba." Baba akashuka dhiraa nzima, akatabasamu.

"Mimi shangazi yako nikuulize," fundi alisema. "Kiwandani wanakulipa kwa kazi gani?"

Msahihishaji alirudia sentensi kama ilivyochapwa. Baba alipaa tena, akagonga kichwa. Chokaa ikawamwagikia, wakacheka hadi wakazunguka hewani kama pia. Shangazi alicheka kuliko wote, ingawa alikitaka mno chumba cha mbele, chenye mwanga wa kushonea.

"Haya, kaka, teremsha hati tuongee."

"Imo mfukoni. Njoo uichukue."

Ngazi ilifika, lakini kila aliyeipanda alishikwa na kicheko, akaelea pembeni.

"Tuiache kwanza, wifi," mama alisema. "Lile joka la bibi harusi likawaje?"

Wakasoma sura ya kumi.

Hati haikushuka, wala baba mwenyewe. Jumatatu asubuhi, akiisha kupokea chai iliyoning'inizwa kwenye upondo mrefu, alimwita dada yake na kumwomba kwa adabu apunguze kelele za cherehani, kwa kuwa huko juu zilisikika zaidi. Shangazi akaenda uani, akatandika godoro kuukuu chini ya mashine.