Mizinga Miwili, Siyo Mmoja

Watu wasimsingizie Mama Sindano kwamba hasira zake zilianzia barazani kwa shemeji yake. Zilianza Jumanne, aliporudi kutoka kwenye kibanda chake cha kushonea nguo, akapita nyuma ya nyumba kuwatazama nyuki wake, akakuta mzinga mmoja. Asubuhi alikuwa ameacha miwili.

"Wa pili uko wapi?" akamuuliza mumewe.

Mumewe alikuwa ameketi jikoni, jicho moja limevimba hata halifunguki. "Nimempelekea kaka. Juzi alipokuja si aliusifia? Na wewe ndiyo kwanza unaanza, mama watoto. Mmoja unakutosha."

"Nani kakwambia mmoja unanitosha?"

"Ni akili ya kawaida tu. Mtu huanza na kidogo."

Akili ya kawaida! Mtu ambaye mpaka juzi hajui nyuki anaingilia wapi! Swali la mizinga mingapi lilikuwa limemkosesha Mama Sindano raha miezi minne. Kila Jumamosi alikwenda kwa mwalimu wa nyuki, bibi mmoja asiye na masihara, na wavu wa kichwani alijishonea mwenyewe. Mwanzoni alitaka kumi. Mwalimu alimcheka mpaka akashika mbavu. "Kumi utaikimbia wewe! Na mmoja ni upofu, maana ukidhoofika huna wa kuulinganisha nao. Anza na miwili. Huku malkia akifa, kule unatoa sega lenye mayai, unawapa, wanalea malkia mpya wenyewe. Usipowapa, wanazeeka hivyo hivyo mpaka wanakwisha."

"Jicho limefanya nini?" akamuuliza mumewe.

"Nilifunua yote miwili. Mtu humpi kaka yake kitu kibovu, bwana. Masega mazuri mazuri nikayatia kwenye wake, mengine nikakuachia wewe."

"Ulifunua bila moshi?"

"Moshi wa nini?"

Jamani! Ukarimu wa mali ya mwenzio ni mwepesi kweli. Damu ilimchemka Mama Sindano mpaka masikio yakavuma.

Alisubiri siku nne, nyuki watulie. Ya tano akawasha bomba lake la moshi, akafunua mzinga uliobaki. Nyuki walikuwa wakinguruma kama watu waliofiwa. Akatoa sega moja baada ya jingine, akalielekeza kwenye jua. Hakuna malkia, hakuna yai hata moja. Kila chenye mayai kilikwenda na zawadi. Akakaa chini pale pale akalia, kwa hasira na kwa uchungu, kwa sababu nyuki wale walikuwa wanakufa na hawakumkosea mtu. Kisha akafuta uso, akachukua wavu, bomba na kitambaa kibichi, akaenda ng'ambo ya mji kwa shemeji yake.

Shemeji huyo watu humwita Bwana Mkubwa, na jina analipenda. Mzinga alikuwa ameuweka pembeni mwa baraza, kati ya vyungu vya maua, ili wageni wauone. Siku hiyo walikuwapo wanne.

"Shemeji, naomba sega moja tu. Wangu hawana malkia."

"Zawadi hairudishwi, shemeji." Akawakonyeza wageni. "Halafu nasikia mmoja unakutosha."

"Sijaomba mzinga. Nimeomba sega. Nyuki wangu wanakufa."

"Basi kashone nguo, nyuki tuachie wanaume!"

Wageni wakaangua kicheko. Mama Sindano akavaa wavu.

"Ingieni ndani," akasema. "Nasema mara moja tu."

Wakazidi kucheka. Akapuliza moshi, akainua kifuniko. Wale waliocheka sana ndio waliogombania mlango, na Bwana Mkubwa, mwenye nyumba yake, akabaki wa mwisho. Nyuki mmoja akamchoma mdomoni. Mama Sindano hakugeuka hata kutazama. Alitafuta taratibu mpaka akaliona sega lenye mayai, madogo kama ncha za uzi, akawapangusa nyuki, akalifunga kwenye kitambaa, akafunika mzinga vizuri, akaondoka. Saa moja baadaye lile sega lilikuwa ndani ya mzinga wake.

"Umeniaibisha kwa kaka yangu!" mumewe akafoka, maana habari zilishamfikia.

"Aibu unaijua wewe? Umechukua kitu changu, umekigawa, umeua kilichobaki, halafu ukanifundisha akili ya kawaida! Nimekuchukia siku tano hizi, baba watoto. Nakwambia usije ukasema hukujua."

Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Sauti ya Bwana Mkubwa ilitoka nzito kwa ule mdomo. "Njooni mchukue wadudu wenu! Wamejaa barazani, hatutoki! Sasa hivi!"

Mama Sindano akaipokonya simu. "Shemeji, nyuki huhamishwa alfajiri, wakiwa wote ndani. Leo lala umefunga madirisha." Akakata.

Alfajiri aliziba mlango wa mzinga pale barazani, mumewe akaubeba. Toroli lilikuwepo, lakini Mama Sindano alisema linatikisa. Akatembea nyuma yake mji mzima mpaka wakafika nyuma ya nyumba. Pale mume akasimama, jasho linamtiririka.

"Niuweke wapi?" akauliza.

Miaka kumi na moja ya ndoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumuuliza jambo linalomhusu kabla ya kulifanya. Mama Sindano akautazama ukuta. Akatazama kivuli. Akaangalia upepo unatokea wapi. Mahali alikuwa anapajua tangu jana.

"Subiri," akasema. "Nafikiria."