Saa Sita Aliyoiomba Sefania

Sefania alikufa asubuhi ya Jumanne, masika ya mwaka 1975, kwenye kona ya njia ya msituni chini ya Shume. Ndiye aliyekuwa akipeleka barua za kijiji cha ujamaa wilayani Lushoto kwa baiskeli. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Katibu wa kijiji, Nikodemo, alitaka taarifa ya mavuno ifike wilayani mapema. Sefania akamwomba asubiri mpaka saa sita, njia ya mgongoni mwa mlima ikauke. Nikodemo akamwita mvivu, akamwamuru apite msituni kwa kuwa ni njia ya mkato. Walimkuta korongoni, baiskeli imemlalia.

Mazikoni, mbele ya mwinjilisti na ukoo mzima, Nikodemo alisema marehemu alikuwa mtu mwema, ila alizoea kuendesha kwa fujo. Klara, mjane wa Sefania, aliyesimuliwa yote na mumewe kabla hajaondoka, alisimama kumkanusha. Shangazi zake wakamvuta, wakamkalisha, wakidhani ni uchungu wa msiba. Amri ile ilikuwa na shahidi mmoja tu, Mbaraka, balozi wa nyumba kumi. Naye aliinamisha kichwa. Siku hizo mtu akibishana na katibu aliitwa adui wa kijiji.

Tangu hapo Klara alitaka kitu kimoja: Nikodemo aanguke palepale alipoanguka mumewe.

Akaanza kuichunguza njia. Kila mvua ilipokatika alishuka na fimbo, akaichomeka ardhini hatua kwa hatua. Mgongoni udongo ni wa changarawe, jua linaupiga tangu asubuhi, upepo haukomi, na maji hushuka pande zote mbili. Mvua ikikatika alfajiri, saa sita unapita bila kuchafua miguu. Msituni udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi. Misonobari imeziba jua, na mlima huendelea kuchuruza maji njiani hata siku ya tatu. Pale konani palikuwa pabaya kupita kote. Juu hufanya gamba kavu la kudanganya macho, lakini ukilikanyaga, chini ni utelezi mtupu. Siku alipoligundua gamba lile Klara alicheka peke yake, na kicheko chake kikamtisha.

Mwaka uliofuata, masika tena, Nikodemo aliitwa wilayani. Ilisemekana anapandishwa cheo. Barabara ya magari ilikuwa imekatwa na maporomoko, kwa hiyo akaamua kwenda kwa baiskeli. Asubuhi hiyo watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala wakipokea mbegu. Nikodemo alisukuma baiskeli hadi aliposimama Klara. Kijijini hakuna asiyejua kwamba mama yule hukata majani ya ng'ombe huko chini kila siku.

“Mama Raheli,” alimwambia, “njia ya msituni imekauka?”

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amelitunza mwaka mzima. Lakini akawaona watu waliosimama pale, wale wale waliokuwa mazikoni, akajua watakachosema Nikodemo akianguka. Watasema kona ile ni mbaya, imewaua wawili, na Sefania atabaki mwendesha fujo milele. Hilo halikumtosha.

Akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. “Msituni hapajakauka, Ndugu Katibu. Juu pakavu, chini utelezi. Mgongoni patapitika saa sita.”

Nikodemo akashukuru, akaiegemeza baiskeli ukutani. Alisema basi atangoja hiyo saa sita.

“Sefania naye aliiomba saa sita,” Klara alisema. “Kwa nini yeye ulimnyima?”

Mikono iliyokuwa ikipima mbegu ilisimama. Nikodemo akasema kwamba hapakuwa na ombi kama hilo, na kwamba mama huyu bado anasumbuliwa na msiba. Ndipo Mbaraka akatoka kwenye foleni. Alikuwa mtu mzima; akaja kusimama mbele ya Nikodemo.

“Aliomba. Nilikuwepo. Ulimwita mvivu, ukamwambia apite msituni. Na mimi nilinyamaza.”

Nikodemo akaitazama baiskeli, kisha akaitazama njia ya msituni. Angeweza kuipanda aende, athibitishe kwamba inapitika. Klara alimwona akifikiri hivyo, na moyo wake ukampiga kwa hamu. Lakini hakwenda. Alikaa juu ya gunia tupu, watu wote wakimtazama, kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa sita. Hakuna aliyempa hata maji. Saa hiyo ilipofika, aliondoka kwa njia ya mgongoni, salama.

Cheo hakukipata. Maneno ya Mbaraka yalifika wilayani kabla ya mwezi kwisha, na katibu mwingine akaletwa. Kabla ya kuhama Nikodemo alikwenda kwa Klara, akasimama uani kofia mkononi, akaomba msamaha.

Klara alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia akayaseme hayo kanisani Jumapili, mbele ya waliomsikia mazikoni.

Aliyasema. Klara alikaa benchi la mbele ili amwone vizuri, wala hakumsamehe.